Mtoto akilia mu ndege, hana deni ya mtu



Safari hii hatutasema juu ya mishahara wala bei ya unga. Tunataka kusema juu ya kitu ambacho zamani hakikuwa chetu, lakini leo kimeingia mu nyumba zetu: kupanda ndege ya mbali pamoja na watoto wadogo, kule nyuma mu kalasi ekonomiki, mahali magoti yako yanagusa kiti cha mtu wa mbele. Wamoja wanafuata bwana aliyepata kazi Kanada. Wengine wanapeleka mtoto kutibiwa India. Wengine, kama sisi, wanaitwa ku ndoa ya ndugu kule Bulaya, na ndugu wenyewe wanatuma nusu ya tikiti. Basi mtu anayeshuka mu shimo kila wiki anajikuta anapanda juu ya mawingu, na mtoto ku mapaja.

Sisi tunaoandika ni mtu na bibi yake, wa Kolwezi. Mmoja anafanya kazi mu mine, mwingine anauza vikwembe sokoni. Tuko na watoto wawili: siku tulipotoka mkubwa alikuwa na miaka 4, mdogo miezi 11. Mtaona tunasema “sisi” mpaka mwisho, hata pale ambapo ni mmoja tu aliyefanya kosa. Mwingine alikuwa pale pale na alinyamaza.

Neno letu tunalitoa mapema, ili msiseme tuliwazungusha. Kuna ba mama na ba papa wengi wanaomnywesha mtoto dawa ya kumlalisha mbele ya safari ya ndege, na wanafundishana hivyo mu kartie, sawa vile watu wanavyofundishana kupika sombe. Sisi tulifanya hivyo. Tunawaomba msifanye.

Wiki moja mbele ya safari, nyumba yetu ilijaa washauri. Mmoja alileta kapenta ya kupelekea yaya. Mwingine alileta unga wa bukari kilo 5, “juu kule habana ule wenyewe”. Mwingine alituonyesha namna ya kufunga koti ili isikunjike. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mdogo atalala wapi. Halafu jirani yetu, mama wa heshima aliyekwisha kupanda ndege mara tatu, alitoa chupa ndogo ya siro mu kikapu chake.

“Mumupe kijiko kimoya pa kuingia, ingine kule Addis. Atalala mupaka Bulaya. Mukikosa kumupa, mutaona haya mbele ya bazungu.”

Hatumlaumu. Alifanya kwa roho nzuri, na watoto wake watatu wako wazima. Chupa kama ile unaipata ku farmasi yoyote bila mtu kukuuliza mtoto ana miezi mingapi. Lakini lile neno haya njo liliingia ndani yetu kupita siro yenyewe. Tulifika Luano tukiwa tayari tunaona haya, na mtoto hajalia bado.

Mpaka Addis-Ababa ni karibu masaa 4. Mdogo alinyonya, akacheza na kijiko cha plastiki, akalala mwenyewe. Mkubwa alihesabu mawingu mpaka akachoka. Tulijiona mabingwa! Tulisema kimya kimya: kumbe watu wanatia chumvi. Chupa ilibaki mu saki.

Kule Addis tulingoja masaa 7, kwa sababu tulinunua tikiti ya bei ya chini kabisa. Tutarudi ku jambo hilo. Kiwanja kile kina watu sawa soko la Kenya siku ya sikukuu, taa haizimwi, na Addis iko juu sana, inapita metre 2.300, usiku kuna baridi. Mtoto hakulala hata dakika 20. Tulipoingia mu ndege ya pili, ile ya usiku ya kwenda Brussels, masaa karibu 8, alikuwa amekwisha kupita ile saa ambayo mtoto anaweza kulala. Wenye watoto wanajua tunasema nini. Mtoto akichoka sana hasinzii tena, anawaka moto.

Alianza kulia mbele ndege haijaondoka chini. Alilia tulipopanda. Alilia walipoleta chakula, na chakula chenyewe kiko pale mbele ya kifua chako, mu nafasi ambayo haifiki hata metre moja toka kiti chako mpaka kile cha mbele, na mtoto anapiga teke, na mchuzi unaingia mu nguo. Kiti chenyewe ni santimetre 43 ao 45 hivi. Pima mlango wa nyumba yako uone.

Tuseme ukweli: hakuna mtu aliyetutukana. Mzee wa mbele aligeuka mara moja, akatuangalia, akarudisha uso wake. Kijana wa pembeni alivaa vitu vyake vya masikio. Mama mmoja nyuma alipumua kwa nguvu, pengine alikuwa na mafua tu, sisi hatujui. Hotesi alikuja na maji, akacheka na mtoto vizuri. Hiyo njo yote. Lakini sisi ndani yetu tulisikia watu 300 wanatukana pamoja.

Mmoja wetu alitoa chupa. Mwingine alishika kichwa cha mtoto. Hatutawaambia nani alikuwa nani.

Alilala. Nyuma ya nusu saa hivi alilala, na kwa dakika 10 tulikuwa na furaha ya wezi. Halafu tukaona usingizi ule si wake. Ukiinua mkono wake, ulianguka sawa kitambaa kilicholowa maji. Tulimwita jina. Tulimpuliza ku uso. Alifungua macho kidogo, akayafunga. Alipumua, ndiyo, lakini kati ya pumzi moja na ile iliyofuata kulikuwa nafasi ndefu kuliko tulivyozoea kusikia usiku nyumbani. Kwa masaa matatu mmoja aliweka kidole chini ya pua yake na mwingine alihesabu. Tulihesabu kwa midomo bila sauti, juu mkubwa alikuwa amelala katikati yetu. Ndege nzima ililala. Tulifaulu: hatukusumbua mtu.

Mtatuuliza, mbona hamkuita hotesi? Ni ulizo la haki. Mu ndege muko chupa za oksijeni, na wafanyakazi wanaweza kuuliza kama kuna munganga kati ya wasafiri. Hatukuita kwa sababu ya haya ile ile. Tungesema nini? “Tulimupa dawa juu alikuwa analia”? Basi mtoto wetu angeweza kufa ili sisi tusionekane wajinga. Tunaandika hivi kwa mkono unaotetemeka bado, na ni mwaka na zaidi umepita.

Aliamka karibu na kufika, akatapika, akakaa mnyonge siku nzima. Kule Liège, rafiki ya ndugu yetu, mama muuguzi, aliomba kuona chupa. Alisoma maandiko madogo, akaketi chini. Dawa inaitwa prometazini. Ni dawa ya aleji, na watu wanaitumia hata kwa kikohozi na kutapika. Usingizi ni kitu inacholeta pembeni. Lakini kwa mtoto mdogo inaweza kulalisha hata ile kazi ya kupumua. Kule Marekani, tangu 2004, karatasi ya dawa hii ina onyo kubwa: isipewe mtoto wa chini ya miaka 2. Wetu alikuwa hata mwaka hajatimiza.

Na mu ndege jambo linazidi. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani inapangwa kama hewa ya mlima wa metre 1.800 mpaka 2.400. Kolwezi yetu iko ku metre 1.400 na kitu. Kwa mtu mzima mwenye afya tofauti hiyo si neno. Lakini chukua mtoto wa kilo 9, umweke mu hewa nyepesi kuliko ile aliyozoea, halafu umpe kitu kinachopunguza pumzi, na kipimo ni kijiko. Kijiko cha nani? Kile cha chai ao kile cha mboga? Jirani alisema “kijiko” na sisi hatukuuliza.

Mama muuguzi alituambia neno lingine. Kuna watoto ambao dawa za namna hii zinawafanya kinyume: hawalali, wanapata wazimu, wanarukaruka. Hapo mzazi mwenye haya anafanya nini? Anaongeza kijiko.

Basi kulia kwenyewe kunatoka wapi? Mara nyingi ni njaa, uchovu, joto, Pampers iliyojaa. Lakini ile kelele kali ya wakati wa kushuka, ile inayokata roho, watu wa mukoti wanaweza kuielewa kupita abiria yeyote mwingine. Ba papa waliofanya kazi Kipushi, mahali shimo linapita metre 1.000, ulizeni mwili wenu. Unaingia mu kaje, kaje inashuka, hewa ya chini inakuwa nzito, inasukuma ngozi ya sikio toka inje. Masikio yanafungana, yanauma. Unameza mate, unapiga miayo, po! yanafunguka. Siku ya kwanza kuna mkubwa wa kazi aliyekucheka na kukuambia: meza mate, kijana.

Ndege inaposhuka, ni jambo lile lile kabisa. Ila mtoto wa miezi 11 hana kapita wa kumwambia meza mate, na kile kijia kidogo kinachounganisha sikio na koo, kwake ni chembamba sana. Hajui kinachomtendekea. Anachojua ni kulia, na kulia kwenyewe kunamsaidia, kwa sababu kunafungua koo. Mumesikia vizuri? Kile kilio tulichotaka kukizima kwa siro, sehemu yake ni dawa. Na mtoto aliyelewa usingizi hamezi mate. Anashuka na masikio yaliyofungwa, na hawezi hata kusema.

Njo maana sasa tunafanya hivi: ndege ikianza kushuka, karibu nusu saa mbele ya kugusa chini, tunamwamsha hata kama amelala vizuri, tunampa ziwa. Asiyenyonya tena apewe bibero, ao maji polepole, ao kitu cha kunyonya. Mkubwa tunampa bonbon ya kunyonya na tunamwambia yeye ni mchimbaji, anashuka mu shimo, ameze mate. Anapenda sana. Na kama mtoto ana mafua mazito ao sikio linamuuma mbele ya safari, mwone munganga kwanza, juu masikio yake yatateseka zaidi. Paracetamol kwa homa ao maumivu ni jambo lingine. Ile inapewa kufuatana na kilo za mtoto, na munganga atakuandikia kipimo. Sisi tunasema juu ya dawa inayotolewa ili watu wengine walale.

Turudi ku ile haya, kwa sababu yenyewe njo ugonjwa.

Mu basi ya Kolwezi kwenda Lubumbashi, karibu kilometre 300, mtoto wako akilia nini inafanyika? Mama wa nyuma anasema: “Leta kwanza hapa.” Mtoto anapita ku mikono, anafika mpaka kwa mtu ambaye hamjui, anapewa kipande cha ndizi, anasahau kulia. Wakubwa wetu waliopanda treni ya Lubumbashi kwenda Kamina, Mwene-Ditu mpaka Ilebo, siku kwa siku, walizaa hata watoto mule ndani, walipika, walifua, na hatukusikia hata nkambo mmoja anasema aliona haya juu mtoto alilia. Mtoto alikuwa wa wagoni nzima.

Mu ndege, mtoto anakuwa wako peke yako. Kila mtu amefungwa mu kiti chake, na skrini yake, na haruhusiwi hata kutembea sana. Hatusemi wazungu ni wabaya. Mule ndani walikuwa Wacongo wengi, na wao pia waliangalia skrini. Na sisi pia, kesho tukiwa bila watoto, tutavaa vitu vya masikio sawa wengine. Lakini tulichukua ile desturi ya kunyamaza tukaifanya sheria, halafu tukamhukumu mtoto wetu kwa sheria ambayo hakuna mtu aliyeiandika.

Wengine watatujibu: abiria amelipa makuta yake, pengine anaenda kuzika mama yake, ana haki ya kulala. Ana haki, ndiyo. Na kuna wazazi ambao sisi pia tunawagombeza: mtoto wa miaka 5 ao 6 anapiga teke kiti cha mzee masaa manne, na papa yake anaangalia filimu. Ule mtoto anaweza kufundishwa. Ule papa hapana shida ya masikio, ni shida ya adabu. Lakini mtoto wa miezi 11 hana adabu wala utovu wa adabu. Ana sikio linalouma. Mtu aliyepanda ndege ya watu wote amepanda pamoja na watoto wa watu wote, na ule mzee aliyegeuka, siku moja alibebwa na mama yake akilia mahali fulani.

Sasa ile tikiti. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 mara nyingi analipa karibu asilimia 10 ya bei ya mkubwa, lakini hana kiti: anakaa ku mapaja yako na kamkanda kake kadogo kanafungwa ku mkanda wako. Akitimiza 2, hata kama ni katikati ya safari, kurudi atahitaji kiti chake. Hesabuni mbele ya kununua, msije mkashangaa. Kuna tena kitanda kidogo cha mtoto, kinachofungwa ku ukuta wa mbele ya safu ya kwanza ya kila sehemu. Ni bure, lakini ni vichache, vina kipimo cha kilo, mara nyingi 10 ao 11, na lazima kukiomba mapema, siku ya kununua. Aliyetuuzia tikiti hakutuambia. Na sisi hatukuuliza, tulikuwa tunauliza kilo ngapi za valizi, juu ya unga na kapenta.

Hapa njo tunakasirika, na hasira yetu inaenda kwetu wenyewe na kwa familia. Kulikuwa na tikiti nyingine, ya kungoja masaa 3 tu kule Addis. Ilipita ile yetu kwa dola 120, kwa wote. Tulikataa. Halafu suti ya ndoa ilikula dola 150, na hakuna aliyesema neno. Watu wa familia walichanga kikwembe, walichanga zawadi, walichanga mpaka bia ya kutusindikiza. Kama wangetuuliza tena, tungesema: ba yaya, ba tate, lete ule mchango ku tikiti. Mtoto hajui suti. Anajua kama alilala ao hakulala.

Na mama anayesafiri peke yake na watoto wawili ao watatu, kwa sababu bwana hakupata ruhusa ya kazi, yeye ahurumiwe mara mbili. Tulimwona mmoja kule Addis, anaenda kutapisha mkubwa mu choo, mdogo ku mgongo, wa katikati anashika sketi, na saki zimebaki ku kiti, anaziangalia kwa jicho moja. Ule mama akiletewa chupa na mtu anayesema “atalala mupaka mwisho”, nani atamlaumu? Kwa hiyo tunawaambia ninyi mnaobaki nyumbani, ninyi wenye kumsindikiza mpaka Luano na kuimba: mbele ya kumpa kitoyo cha kupeleka, mtafutieni ndani ya ile ndege mtu wa Katanga anayesafiri siku ile. Yuko kila mara. Msimame naye ku mstari, mseme: mama, huyu ni mutoto wetu, mumuangalie. Ni kazi ya dakika 5.

Vitu vingine tunavipita haraka. Pampers, chukua nyingi kuliko unavyofikiri. Nguo ya kubadilisha ya mtoto, na ya kwako pia, hiyo watu wanaisahau. Maziwa na chakula cha mtoto wanaviacha vipite kontrole hata vikipita mililitre 100, ila useme mwenyewe mbele hawajakuuliza. Kadi ya manjano ya chanjo hata ya mdogo, akiwa na miezi 9 na zaidi. Na chanjo inatakiwa siku 10 mbele ya safari, siyo ile asubuhi. Hewa ya ndege inakausha sana, basi ziwa mara kwa mara. Na kikwembe, ba mama. Wakati wa kupanda na kushuka hawatakuacha umfunge mtoto ku mgongo. Lakini ndege ikitulia na taa ya mkanda ikizimika, simama, funga mtoto wako, tembea mu njia. Usione haya. Nkambo zetu hawakuwa na siro.

Tulirudi nyuma ya wiki tatu. Chupa tuliiacha kule Liège mu mikono ya yule muuguzi, na tikiti ilikuwa ile ile, na masaa ya kungoja yale yale. Mdogo alilia tena. Alilia toka Addis, alilia juu ya nchi ambazo hatuzijui majina, na sisi tulikaa, tumelowa jasho, tunampa ziwa, tunamwimbia chinichini, hatumwangalii mtu. Kulikuwa watu wa kwetu wengi mu ndege ile, wafanyabiashara na valizi zao. Kisha mama mmoja, mnene, wa Likasi kama alivyotuambia baadaye, alitoka safu nne nyuma, akasimama pembeni yetu.

“Leta ule mutoto, mama. Muko nachoka.”

Hakungoja jibu. Alimchukua, akainama, akamtupa ku mgongo kwa ile namna moja tu tunayoijua sisi sote, akafunga kikwembe, akaanza kutembea. Alienda mpaka ku vyoo, akarudi, akaenda tena. Mtoto alilia mara tatu ku bega lake, halafu akanyamaza, mdomo wazi, mate yanateremka ku blauzi ya yule mama. Mzee mmoja alivuta miguu ili apite. Mwingine alimuuliza kama ni mjukuu wake, yeye akajibu ndiyo.

Wakati wa kushuka alimrudisha, akamwamsha mwenyewe, akasema tumpe ziwa. Kule Luano tulimtafuta tumshukuru. Tulimkuta ku mkanda wa valizi, anangoja mzigo wake. Alituuliza neno moja tu: kama tuko na gari ya kufika Kolwezi, ao tutalala Lubumbashi na watoto.